Uzalishaji wa Sukari Tanzania: Shamba, Kiwanda na Kalenda ya Muwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima wa miwa, ndugu wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie mwenendo wa uzalishaji wa sukari nchini Tanzania tangu kilimo hiki kilipoanza kuendeshwa kibiashara hadi misimu ya karibuni. Ni mada ambayo kwa kawaida hufika mbele ya hadhara pale tu sukari inapoadimika madukani, na kwa sababu hiyo mjadala wake huwa juu ya nani ameficha mzigo, nani amepewa kibali cha kuagiza kutoka nje na bei ya kilo moja imefika wapi. Hayo ni maswali halali na sitayakwepa. Hata hivyo, naomba tuanzie shambani, kwa sababu naamini kwamba idadi ya tani tunazotangaziwa kila mwisho wa msimu huwa imekwisha kuamuliwa, kwa sehemu kubwa, mwaka mmoja na nusu au miwili kabla, na kwamba makosa yetu mengi ya kisera yametokana na kuisimamia sukari kwa kalenda ya duka huku yenyewe ikifuata kalenda ya muwa.

Muwa unaopandwa kwa pingili huchukua kati ya miezi 12 na 18 kukomaa, kutegemea maji, joto na mwinuko wa eneo. Ukishakatwa, kisiki kilichobaki ardhini huchipua upya, na machipukizi hayo, ambayo wataalamu huyaita ratuni, huvunwa baada ya takriban mwaka mmoja, kisha mwaka unaofuata, na mwingine, hadi mavuno yapungue kiasi cha kumlazimu mkulima kung'oa visiki na kupanda upya. Muwa uliokomaa ukiachwa ukapitiliza muda wake hupungua utamu, na ukishakatwa sukari iliyomo huanza kuharibika, hivyo unapaswa kufika kwenye mitambo ya kusaga ndani ya siku moja au mbili. Korosho na kahawa zinaweza kukaa ghalani zikisubiri mnada, lakini muwa hauwezi. Ndiyo maana kiwanda cha sukari hujengwa katikati ya mashamba yake, na ndiyo maana hakuna agizo la serikali, hata likiwa na nia njema kiasi gani, linaloweza kuongeza sukari ya msimu ambao tayari umeanza. Kwa makadirio ya kawaida, tani moja ya sukari huhitaji tani 10 hivi za miwa. Kwa hiyo anayeahidi tani 50,000 za nyongeza anaahidi pia tani nusu milioni za miwa, pamoja na ardhi ya kuipanda, maji ya kuikuza, barabara za kuipitisha na malori ya kuibeba.

Kilimo kikubwa cha miwa kilianzia Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi, ambako kampuni ya Tanganyika Planting Company, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake TPC, ilianzishwa mwaka 1930 na mfanyabiashara wa meli wa Denmark, A.P. Møller, ikaanza kutengeneza sukari katikati ya miaka hiyo ya 1930. Eneo lile ni tambarare kavu, na mvua yake ya mwaka haitoshi kukuza muwa. Lakini juu yake umesimama Mlima Kilimanjaro, na maji ya mito na chemchemi zinazotoka mlimani ndiyo yaliyoligeuza kuwa shamba. Tangu mwanzo, basi, sukari ya TPC ilikuwa ya umwagiliaji, jambo linaloeleza kwa nini shamba lile limeendelea kutoa mavuno makubwa kwa hekta licha ya ardhi yake ya upande wa kusini kusumbuliwa na chumvi.

Kampuni ya Kilombero iliundwa mwaka 1960, na kiwanda chake cha Msolwa, pale Kidatu, kikaanza kazi mwaka 1962, yaani mara tu baada ya Uhuru. Kiwanda cha Ruembe, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu upande wa Kilosa, kilifuata mwaka 1976. Mtibwa, huko Turiani, nacho kilikua katika miaka ya 1960, na Kagera kulikuwa na kiwanda kidogo kilichotangulia kile tunachokifahamu leo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viwanda hivi viliingia hatua kwa hatua katika mikono ya umma, na mwaka 1974 Serikali iliunda Shirika la Maendeleo ya Sukari, SUDECO, kuvisimamia. TPC ndiyo iliyochelewa zaidi, kwani iliendelea kuwa ya Wadenmark hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Naomba kipindi hicho tusikihukumu kwa pupa, kama inavyofanyika mara nyingi siku hizi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi kidogo ya tani 100,000 kwa mwaka, ilikuwa imejenga Ruembe na ilikuwa na mipango mikubwa ya Kagera. Kisha mambo kadhaa yakagongana. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na kiwanda cha sukari kilichokuwa katika eneo la mapigano kikaharibiwa, na kiwanda kipya hakikuwa tayari hadi mwaka 1982. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na fedha za kigeni zikawa adimu kuliko sukari yenyewe. Kiwanda cha sukari hula vipuri. Rola za kusagia huchakaa kila msimu, mabomba ya boila hutoboka, minyororo ya kubebea miwa hukatika, na yote hayo yalikuwa yakinunuliwa nje. Trekta likifa kwa kukosa kifaa kimoja, shamba la hekta nyingi hukosa kulimwa, na shamba lisilolimwa upya hubaki na ratuni zilizochoka, zinazotoa miwa myembamba mwaka baada ya mwaka. Athari ya vipuri vilivyokosekana mwaka 1980 ilikuwa bado ikionekana katika takwimu za mwaka 1985.

Kwa karibu miaka 20 uzalishaji wetu uliyumba kuzunguka tani 100,000, na mara nyingine chini ya hapo. Watu hawakusubiri. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, na ile ya mwaka 1988 ikahesabu milioni 23.1. Tani 100,000 zikigawanywa kwa watu wa mwaka 1988 ni kilo 4 na ushei kwa kila mtu kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa ile inayotumika viwandani.

Wale waliokuwa watu wazima miaka ile wanajua maana ya hesabu hiyo, kwa sababu waliiishi katika foleni za maduka ya kaya na ya ushirika, ambako sukari ilitolewa kwa mgawo. Mwaka 1983 Serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha kampeni kali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na sukari ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosakwa. Sina shaka hata kidogo kwamba ulanguzi ulikuwapo, na aliyeficha sukari wakati watoto wa jirani yake wanakunywa uji mkavu alistahili kuwajibishwa. Lakini msako ule haukuongeza hata muwa mmoja shambani. Gunia lililokamatwa lilihamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa wengine, huku mitambo ikiendelea kusubiri vipuri. Nalitaja hili kwa sababu namna ileile ya kufikiri imejirudia katika kila uhaba uliofuata, hata baada ya mfumo mzima wa uchumi kubadilika.

Mabadiliko hayo ya mfumo yalifika kwenye sukari mwishoni mwa miaka ya 1990. Kilombero kilibinafsishwa mwaka 1998 kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini na washirika wake, Serikali ikibaki na asilimia 25 ya hisa. Mtibwa kikauzwa mwaka huohuo. TPC ikafuata mwaka 2000, kwa wawekezaji wenye uzoefu wa miwa ya Mauritius na ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, Serikali ikibaki tena na asilimia 25, na Kagera, kilichokuwa kimesimama, kikapata mmiliki mpya mwaka 2001. Mwaka huo wa 2001 ndipo pia ilipotungwa Sheria ya Sekta ya Sukari, iliyoanzisha Bodi ya Sukari Tanzania.

Takwimu zilipanda kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Uzalishaji wa taifa ulivuka tani 200,000 katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, na katika msimu wa 2010/11 ukafika takriban tani 300,000. TPC peke yake, iliyokuwa ikitoa tani 36,000 hivi mwaka 2000, iliendelea kukua hadi kuvuka tani 100,000. Ni kishawishi kikubwa kusema kwamba umiliki binafsi ndio uliofanya yote hayo, na kuna ukweli katika kauli hiyo, kwa kuwa wamiliki wapya waliingia na mitaji na wakaweza kuagiza vipuri bila kusubiri mgawo wa fedha za kigeni. Lakini tukiangalia kwa karibu ni nini hasa kilichofanyika katika miaka mitano ya kwanza, tunaona kazi ya shamba: visiki vya zamani viling'olewa, mashamba yakasawazishwa, mifereji na mabomba ya maji yakakarabatiwa, aina mpya za miwa zenye kuvumilia fugwe, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia miwa, zikaletwa, na maeneo yaliyokuwa yametelekezwa yakarudishwa katika kilimo. Mtibwa kilibinafsishwa mwaka uleule na Kilombero, lakini kilikwenda kwa mwendo wa pole zaidi, na sababu moja ya wazi ni kwamba mashamba yake kwa muda mrefu yalitegemea mno mvua. Umiliki ulibadilika pote, lakini matokeo yalifuata maji na upandaji.

Baada ya kupanda huko, chati inalala. Kuanzia msimu wa 2010/11 hadi 2017/18 uzalishaji ulizunguka kwenye tani 300,000, mwaka mmoja juu kidogo, mwaka mwingine chini kidogo, wakati sensa ya mwaka 2012 ilikuwa imehesabu watu milioni 44.9. Sehemu hii ya historia ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu haina tukio la kusisimua. Maelezo yake ni kwamba viwanda vilivyokuwapo vilikuwa vimejaa. Msolwa na Ruembe havikuwa na nafasi ya kusaga miwa yote iliyokuwa tayari, na wakulima wa nje, yaani wale wanaolima mashamba yao wenyewe na kuuza miwa kiwandani, walianza kushuhudia miwa yao ikisalia shambani mwisho wa msimu. Kujenga kiwanda kipya ni uamuzi wa mamia ya mabilioni ya shilingi, na hakuna mwekezaji anayeufanya wakati hajui kama mwaka ujao soko litafurika sukari ya bei ya chini kutoka nje, iwe imeingia kwa kibali, iwe imeingia kwa jina la sukari ya viwandani kisha ikageuzwa kuwa ya mezani, au iwe imepitia bandari bubu usiku. Mradi mkubwa uliopangwa Bagamoyo na wawekezaji kutoka Sweden ulisitishwa mwaka 2016 bila kuwa umetoa kilo moja ya sukari, kwa wasiwasi juu ya maji ya Mto Wami na wanyama wa Hifadhi ya Saadani.

Mwaka huohuo wa 2016, mwezi Februari, Rais John Magufuli alizuia uagizaji wa sukari kutoka nje bila idhini yake mwenyewe, akieleza kwamba vibali vilikuwa vinaua viwanda vya ndani. Kuhusu lengo, nasema wazi kwamba alikuwa sahihi, kwani viwanda vilihitaji kulindwa na njia za vibali zilikuwa zimegeuzwa kichaka. Lakini tazameni mwezi ambao zuio lilitangazwa. Viwanda vyetu vingi huanza kusaga miwa Mei au Juni na kufunga Februari au Machi, mvua za masika zinapokaribia, ili kupisha mvua na kufanya matengenezo ya mitambo. Zuio lilikuja wiki chache kabla ya viwanda kufungwa, wakati maghala yalikuwa yanaelekea kuwa matupu na hakuna sukari mpya ambayo ingetoka kwa miezi mitatu. Bei ikapanda, Serikali ikatangaza bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo ambayo wauzaji wengi hawakuifuata, maghala yakakaguliwa, na mwishowe sukari ya nje ikaagizwa kwa haraka. Zuio lilelile likitangazwa Julai, likiwa na kiasi kilichokadiriwa mapema cha kuziba pengo la masika, lingelinda viwanda bila kuwaumiza walaji.

Hata hivyo ulinzi ulizaa matunda, na ni haki kulisema hilo pia. Msimu wa 2018/19 ulitoa zaidi ya tani 359,000. Mvua kubwa za msimu uliofuata zilirudisha uzalishaji nyuma, lakini viwanda viliendelea kupanua mashamba, Kagera kikiwa mfano mzuri wa kiwanda kilichofufuka kutoka karibu na sifuri. Mwaka 2022 Bagamoyo kilianza kuzalisha, safari hii chini ya kampuni ya Kitanzania. Mkulazi, kinachomilikiwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii pamoja na Jeshi la Magereza kule Mbigiri, Morogoro, kikafuata kikiwa na uwezo uliokusudiwa wa tani 50,000 kwa mwaka. Msimu wa 2022/23 taifa lilifikia takriban tani 460,000, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyotangulia, na sensa ya mwaka 2022 ilipohesabu watu milioni 61.7, mgawo kwa kichwa ulikuwa karibu kilo 7 na nusu. Wengi wetu tuliamini kwamba kujitosheleza kumebakiza msimu mmoja au miwili.

Kisha zikaja mvua za El Nino mwishoni mwa mwaka 2023. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu yaliyotokea msimu ule yanaonyesha kila kitu ninachojaribu kukieleza. Miwa ilikuwapo shambani, imesimama na imekomaa. Kilichokosekana ni njia ya kuitoa. Trekta la kuvuta matela likiingia kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa linazama hadi kwenye ekseli, na likilazimishwa linasaga visiki ambavyo vilipaswa kuchipua ratuni ya mwaka unaofuata, kiasi kwamba kuokoa tani chache za leo kunaharibu tani nyingi za kesho. Shamba lililokwisha kuchomwa moto tayari kwa kukatwa, mvua ikalikuta, huanza kuharibika likiwa bado limesimama. Muwa unaokunywa maji mengi wakati wa kukomaa huendelea kurefuka badala ya kujaza sukari, hivyo hata mzigo uliofanikiwa kufika kwenye mizani ulikuwa na sukrosi ndogo, yaani sukari iliyomo ndani ya muwa, na kiwanda kilisaga tani zilezile kikatoa magunia machache. Viwanda vilisimama na kuanza tena kwa vipindi, jambo ambalo kwa boila na mitambo ni gharama kubwa kuliko kufanya kazi mfululizo. Msimu wa 2023/24 ulifungwa ukiwa na takriban tani 392,000, pungufu ya msimu uliotangulia kwa karibu asilimia 15.

Mapema mwaka 2024 kilo moja iliuzwa shilingi 4,000 na zaidi katika maeneo mengi. Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kutegemea kanda, vibali vya dharura vikatolewa, na mjadala bungeni na mitaani ukawa mkali kuhusu waliopewa vibali hivyo. Baadaye mwaka huo sheria ilirekebishwa ili kuuruhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua na kuhifadhi sukari ya akiba. Wazalishaji walilalamika, wakihofia kwamba akiba hiyo itakuwa mlango mwingine wa sukari ya nje.

Mimi naiunga mkono akiba, kwa sababu ya kishamba kabisa: muwa hauhifadhiki lakini sukari inahifadhika, na pengo la masika linajulikana kuwa litakuja kila mwaka. Lakini hofu ya wazalishaji nayo ni ya kweli, na dawa yake ni kuipa akiba hiyo kalenda. NFRA inunue kwanza kutoka viwanda vya ndani kati ya Agosti na Novemba, wakati uzalishaji uko kileleni na viwanda vinahitaji fedha za kuwalipa wakulima. Kiasi kinachobaki kuagizwa nje kiamuliwe Septemba au Oktoba, makadirio ya msimu yanapokuwa yameonekana. Sukari inayoagizwa kwa hofu mwezi Januari husafiri baharini kwa wiki nyingi, hukwama kwenye foleni ya bandari, na mara nyingi hufika madukani viwanda vyetu vinapofungua upya, ikamkuta mlaji ameshaumia na ikamwumiza mzalishaji naye.

Kuna jambo moja la takwimu ambalo lazima liwekwe wazi kabla ya kuzungumzia kesho. Miaka michache iliyopita Wizara ya Kilimo ilikadiria mahitaji ya nchi kuwa tani 655,000 kwa mwaka, kati yake tani 490,000 zikiwa za matumizi ya kawaida na tani 165,000 za viwandani, yaani sukari iliyosafishwa zaidi kwa ajili ya vinywaji, biskuti na dawa. Tunaposikia kwamba nchi inakaribia kujitosheleza, hesabu inayotumika ni ile ya mezani peke yake. Sukari ya viwandani tumeendelea kuitegemea kutoka nje, na maadamu inaingia kwa ushuru mdogo kuliko ile ya mezani, kishawishi cha kuivusha upande mmoja kwenda mwingine kitaendelea kuwapo.

Sasa nirudi kwa wakulima wa nje, ambao wengi wamo humu ukumbini. Katika bonde la Kilombero maelfu ya wakulima wadogo huleta sehemu ya miwa inayokaribia nusu ya ile inayosagwa. Kufuatia makubaliano ya mwaka 2021 kati ya Serikali na mwekezaji, kiwanda kipya kimejengwa huko kwa lengo la kuinua uwezo kutoka takriban tani 127,000 za sukari kwa mwaka hadi tani 271,000. Kwa kipimo kile cha tani 10 kwa moja, nyongeza hiyo inadai takriban tani milioni 1.4 za miwa zaidi kila mwaka, na sehemu kubwa inatarajiwa kutoka kwa wakulima hawa. Huu ndio mtihani mkubwa kuliko wote katika historia ya sukari yetu tangu ubinafsishaji, na hautafanyikia kiwandani.

Utafanyikia, kwanza, kwenye mizani. Mkulima anaposimama pale akiona gari lake likipimwa, sampuli ikichukuliwa kwa ajili ya kupima sukrosi, kisha akapewa karatasi yenye asilimia ambayo hana njia ya kuihakiki, anaondoka na shaka hata kama kipimo kilikuwa sahihi. Malipo yake yote ya mwaka yamo katika asilimia hiyo. Maabara huru inayosimamiwa kwa pamoja na vyama vya wakulima, kiwanda na Bodi ingegharimu kidogo sana ikilinganishwa na thamani ya miwa inayotelekezwa kwa kukosa imani. Pili ni ratiba ya kuvuna. Mkulima ambaye miwa yake imesalia shambani msimu mmoja hulipwa kidogo msimu unaofuata, hushindwa kurudisha mkopo wa pembejeo, na asipopata uhakika hung'oa miwa akapanda mpunga, ambao anaweza kuuza au kula bila kumsubiri mtu. Tatu ni mkopo wa kupanda upya. Benki nyingi hukopesha kwa miezi 12, wakati muwa mpya unaweza kuhitaji 18 kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, na hapo ndipo mkulima anapong'ang'ania ratuni ya saba au ya nane ingawa anajua imechoka. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kituo cha Kibaha, na wahitimu wa Chuo cha Taifa cha Sukari pale Kidatu wana mbegu na ujuzi wa kutosha kubadili hali hii. Bado hatujawaunganisha na mkopo unaolingana na umri wa zao.

Kuhusu maji nitasema kwa kifupi. Ruaha Mkuu, Wami na mito ya Kilimanjaro haihudumii miwa peke yake, na kila hekta mpya ya umwagiliaji itaulizwa maswali na watumiaji wengine wa maji, kwa haki kabisa. Mifumo ya matone na mabwawa ya kuvuna maji ya masika ni ghali, lakini miaka ya mafuriko na miaka ya ukame inafuatana kwa karibu zaidi kuliko zamani, na mitaro ya kutolea maji shambani sasa ina thamani sawa na mifereji ya kuyaingiza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ombi langu kwa Bodi ya Sukari ni moja, na halihitaji sheria mpya. Kila mwaka tutangaziwe, kwa kila kiwanda na kwa kila eneo la wakulima wa nje, hekta zilizopandwa upya, umri wa ratuni zilizopo, na tani za miwa zilizosalia shambani bila kuvunwa. Takwimu hizo zikitoka kila mwezi Septemba, mkulima, mwenye duka, mwandishi wa habari na Waziri wataweza kuiona sukari ya msimu ujao kabla haijafika kiwandani, na kibali cha kuagiza kitajadiliwa kwa hesabu ambayo kila mmoja ameiona.

Naomba kuwasilisha.